Kiharusi cha Kisogoni

Kila asubuhi, jua likianza tu kupanda juu ya mikorosho ya Lionja, simu ya Sikudhani ililia, na mpigaji alikuwa yule yule: kaka yake Rashidy, kutoka Narung'ombe upande wa Ruangwa. Hakuwa na habari yoyote ya kumpa. Alipiga ili aongee tu, kwa sababu daktari alimwambia ulimi wake unahitaji mazoezi kila siku, na hakuna mtu aliyekuwa na subira ya kumfanyisha mazoezi hayo kama mdogo wake.

Mwaka uliotangulia Rashidy alipatwa na kiharusi akiwa sokoni Ruangwa. Kikombe cha chai kilimponyoka, mkono wa kulia ukaning'inia, mdomo ukaenda upande. Wenzake hawakupoteza muda. Walimkimbiza hospitali ya rufaa, akapigwa picha ya kichwa, akachomwa dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, na kabla jua halijazama aliinua ule mkono uliokuwa umekufa akampungia mkewe, Zaitun. Wodi nzima ilishangilia.

Kilichobaki nyuma ni maneno. Rashidy alikuwa muadhini, mtu aliyejulikana kwa sauti yake, lakini sasa akitaka kijiko alisema kisu, akitaka kusema mvua ilitoka moto. Ajabu ni kwamba adhana yenyewe haikuguswa. Aliadhini alfajiri bila kuteleza hata herufi moja, kisha akatoka msikitini akashindwa kumwambia mtu amsogezee viatu.

Sikudhani hakuwahi kumwonea huruma ya waziwazi. Alimchokoza. Asubuhi ile, msimu wa kupulizia mikorosho salfa, ule unga wa kuzuia ukungu, ukiwa umepamba moto, alipokea simu akiwa shambani, bomba la injini mgongoni, kitambaa cha pua kimeshushwa kidevuni. Katika kijiji chao hakuna aliyelimudu bomba lile kama yeye. Wanaume walikuja kumwomba awapulizie mikorosho mirefu, kwa kuwa alijua kusimama imara huku mashine ikimvuta nyuma, na unga wa salfa ukafika mpaka kwenye maua ya kileleni.

"Haya kaka, mbele yako kuna nini?" aliuliza.

"Mbuzi," Rashidy alijibu. Alikuwa njiani akirudi nyumbani kutoka msikitini.

"Anafanya nini huyo mbuzi?"

"Ana... ana... anataga."

Sikudhani alicheka mpaka bomba likamtikisika mgongoni. "Basi huyo ni kuku, kaka yangu."

"Kuku," Rashidy alikubali, naye akicheka. "Kuku. Kuku."

"Na nyuma ya kuku?"

Rashidy akaangalia, akaanza kulitafuta neno. Kabla hajalipata alisikia sauti ya dada yake ikibadilika.

"Kaka, subiri. Shamba linazunguka." Maneno yalitoka mazito, kama ya mtu mwenye tonge mdomoni. "Miti imekuwa miwili miwili. Kaka..."

Simu ilianguka. Rashidy alisikia injini ikiendelea kunguruma, akasikia mtu akitapika, kisha sauti ya Biasha kwa mbali: "Mama! Baba, njoo, mama kaanguka!"

Biasha alikuwa binti mkubwa wa Sikudhani, ameolewa Kilimarondo, na kila msimu wa salfa alikuja kuwasaidia wazazi wake. Ndiye aliyefika wa kwanza. Alizima injini, akafungua mikanda ya bomba, akamlaza mama yake kwa ubavu. Baba yake, Halfani, alikuja mbio akiwa na ndoo mkononi, akamtazama mkewe aliyejaa unga wa njano mpaka kwenye kope, na hakuhitaji kufikiri.

"Salfa hii. Imempanda kichwani. Nilimwambia asishushe kitambaa. Leta maziwa!"

Hata hivyo Biasha alimpima mama yake kama walivyofundishwa siku zile za mjomba Rashidy. Alimwambia ainue mikono, akainua yote miwili, iko sawa. Alimwambia acheke, akajaribu, na mdomo haukupinda. Ulimi ulikuwa mzito kidogo, lakini mtu aliyetoka kutapika, ulimi wake utakuwaje?

"Siyo kama mjomba," alisema, akapumua.

"Kwani nimesema ni kama mjomba wako? Nimesema salfa."

Halfani aliokota simu akaiona bado inaongea. "Shemeji, mdogo wako kazidiwa na salfa. Ngoja tumhudumie, tutakupigia."

"Ku..." Rashidy alisema. "Ku... kuku. Kuku!"

"Ndiyo shemeji, kuku. Baadaye." Halfani akakata.

Rashidy alibaki amesimama katikati ya njia. Neno alilolitaka alilijua vizuri kuliko maneno yote ya dunia. Ndilo lililomwangusha sokoni, ndilo lililoandikwa kwenye cheti chake. Aliliona umbo lake kabisa, lakini kila alipofungua kinywa alitoka kuku. Zaitun alikuwa shambani anasimamisha miganda ya ufuta ikauke, mbali. Njiani hakukuwa na mtu. Hasira ilimpanda mpaka macho yakalowa.

Ndipo akakumbuka kitu alichoambiwa na daktari wake, Dkt. Raudha, kabla hajaruhusiwa kwenda nyumbani. Maneno yako yamekaa upande wa kushoto, ambao umeumia, alimwambia, lakini nyimbo zina msaada mkubwa wa upande wa kulia, na upande huo ni mzima. Neno likikukatalia kulisema, liimbe.

Akapiga tena. Safari hii alipokea Biasha. Rashidy alifumba macho, akashika lahani ya kasida waliyofundishwa yeye na Sikudhani madrasa wakiwa wadogo, akayaondoa maneno yake na kuweka ya kwake mwenyewe.

"Ki-ha-ru-siii," aliimba, taratibu, sauti imenyooka. "Ki-ha-ru-siii. Mpelekeni, mpelekeni, sasa hivi mpelekeni."

Biasha aliganda. "Mjomba, kiharusi? Lakini mikono anainua. Mdomo uko sawa."

Rashidy akaacha kuimba. Alitafuta, akakosa, kisha likamjia jina la mtu. "Eustakio," alisema. "Biasha. Eustakio!"

Biasha ndiye aliyemuuguza mjomba wake hospitali, akipokezana na Zaitun, na jina lile lilimfungua macho palepale. Eustakio alikuwa mzee wa kitanda cha pili. Aliletwa akiwa anatapika na kuyumba, macho yanacheza, na nyumbani kwake walimwacha alale siku nzima wakidhani amelewa. Mikono yake ilikuwa mizima, mdomo wake mzima. Baadaye ikajulikana kwamba mshipa umeziba kisogoni, na kwamba muda wa kupewa dawa ulikuwa umeshampita.

"Eustakio wa kitanda cha jirani, mjomba?"

"Ndiyo! Ndiyo!" Hilo neno halikuwahi kumkatalia.

Biasha aliiweka simu chini. "Mama, hebu simama. Nakushika, usiogope."

Sikudhani alijaribu. Miguu ilikuwa na nguvu, aliikaza vizuri kabisa, lakini mwili wote ulikwenda kushoto kama gogo lililokatwa, na kama si Biasha angeangukia kisiki.

"Baba," Biasha alisema, "maziwa hayahitajiki tena. Tafuta gari."

Gari lililopatikana lilikuwa Noah ya Tomasi, ambayo ilikuwa imesimama barabarani ikijaza abiria wa kwenda Nachingwea mjini. Hakukuwa na maelezo marefu. Abiria walimwona mtu anabebwa, wakashuka wenyewe, na mama mmoja akavua kanga yake ya pili akamkunjia Sikudhani iwe mto. Tomasi aliendesha akiwasha taa mchana kweupe, anapiga honi kila kona, na kila walipopita kwenye mabonde Sikudhani alifumba macho akasema kwa ule ulimi wake mzito, "Dereva, barabara moja tu inatosha, unapita kwenye mbili."

Kwenye kituo cha afya cha njiani tabibu wa zamu hakuwaweka. Alimpima sukari, ikawa sawa. Alimpima presha, ikawa juu. Alimtazama macho, akayaona yanarukaruka kama yanafuata inzi asiyekuwepo. Akapiga simu hospitali ya rufaa, akawaitia gari la wagonjwa, akapanda naye mwenyewe nyuma. Biasha na Halfani walikaa ubavuni, Halfani akiwa bado na salfa kwenye nywele.

Walipofika, Dkt. Raudha alikuwa anawasubiri mlangoni. Alikuwa mwanamke mwembamba, anaongea haraka, na alimkumbuka Biasha.

"Wewe si wa mzee muadhini?"

"Ndiye mjomba wangu. Huyu ni mama yangu, mdogo wake."

"Mara ya mwisho alikuwa mzima kabisa lini? Nataka muda wenyewe, siyo wa kukisia."

"Alikuwa anaongea na mjomba kwenye simu. Alibadilika wakiwa wanaongea." Biasha akamwonyesha simu ya mama yake. Muda wa maongezi ulikuwa umeandikwa pale, hauna ubishi.

Dkt. Raudha aliutazama, akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Basi tuna nafasi. Twende."

Picha ya kichwa ilipigwa na haikuonyesha damu iliyovuja. Hiyo ilikuwa habari njema. Lakini haikuonyesha kitu kingine chochote pia, na hapo ndipo mjadala ulipoanza. Daktari mwenzake, Dkt. Dastani, mkubwa kwake kwa umri na mtu wa tahadhari, alisimama upande wa pili wa kitanda, na wote wawili walizungumza bila kumficha mgonjwa.

"Alama zake ni chache mno," Dkt. Dastani alisema. "Mikono mizima, miguu mizima, maneno anayaelewa. Kwa kipimo chetu huyu ana kiharusi kidogo sana, kama kweli ni kiharusi. Dawa yenyewe inaweza kumvujisha damu kichwani. Kwa alama hizi, je, faida inazidi hatari?"

"Kipimo chetu kinauliza sana habari za mkono, mguu na maneno," Dkt. Raudha alijibu. "Hayo ni mambo ya ubongo wa mbele. Habari za kisogoni kinaziuliza kidogo sana. Mtu anaweza kupata alama chache na asiweze hata kukaa."

"Anaweza kukaa?"

"Hatujamwambia ajaribu. Amelala tangu aingie."

Wakamwinua pamoja, mmoja kila upande, wakamkalisha pembeni mwa kitanda, wakamwachia. Sikudhani hakukaa hata kwa pumzi moja. Alielekea kushoto, na ni Dkt. Dastani mwenyewe aliyemdaka kwa kifua chake. Alimrudisha kwenye mto polepole, akanyoosha koti lake.

"Sawa," alisema. "Huo siyo udogo. Nimekubali, hii siyo salfa. Tushushe presha kwanza, nitapima dozi mimi."

Dkt. Raudha akainama karibu na uso wa Sikudhani. Akili yake ilikuwa timamu, kwa hiyo alimuuliza yeye mwenyewe. "Mama, tunaamini kuna donge la damu limeziba mshipa huku nyuma, kisogoni, mahali panapoongoza mwendo na kusimama. Tuna dawa ya kuliyeyusha. Inaweza kusaidia. Inaweza pia kumwaga damu ndani ya kichwa, na hilo likitokea ni jambo zito. Kwa wagonjwa wa kisogoni uvujaji huo umeonekana mara chache kuliko kwa wale wa mbele, lakini siwezi kukuahidi kwamba kwako hautatokea."

"Ndiyo aliyopewa kaka yangu?"

"Ndiyo hiyo hiyo."

"Nipe."

"Mama, naomba unielewe. Dawa ni moja, mahali ni tofauti. Usitegemee itakuwa kama kwake."

"Daktari," Sikudhani alisema, macho yamefumbwa kwa kizunguzungu, "mimi nataka nisimame. Kama kusimama kunapita humo, nipe."

Halfani alisikiliza yote hayo, lakini moyoni alikuwa ameshajijengea picha yake. Alikuwepo siku Rashidy alipoinua mkono. Kwa hiyo dawa ilipokwisha kuingia, alivuta kiti, akakaa, akamtazama mkewe kama mtu anayesubiri sufuria ichemke. Alitazama mikono. Mikono ilikuwa palepale. Alitazama mdomo. Mdomo ulikuwa palepale. Jua likahama dirishani. Sikudhani alitapika tena, akalala, akaamka, akasema bado dari linazunguka.

Halfani alimfuata Dkt. Raudha kwenye veranda. "Daktari, imekataa?"

"Kwa nini unasema hivyo, mzee?"

"Shemeji yangu siku ile ile aliinua mkono. Huyu hajainua kitu."

"Hajainua kitu kwa sababu hakuna kilichokuwa kimeanguka," Dkt. Raudha alisema. "Mkono wake ulikuwa mzima tangu mwanzo. Kilichoanguka kwake ni mwendo, na macho. Nimemwangalia sasa hivi, macho yanacheza kidogo kuliko alipoingia. Kumeza bado kunampa shida, kwa hiyo msimpe maji wala uji mpaka tuseme sisi. Nina matumaini naye, mzee. Matumaini makubwa. Lakini safari yake haitakuwa ya kushangiliwa wodini."

Halfani alirudi akakaa. Usiku ukaingia. Aliposikia wauguzi wanasema picha ya pili imetoka safi, haina damu, alitoka nje, akatafuta mahali, akasujudu.

Kulipokucha Sikudhani alifumbua macho akamtazama mume wake kwa muda mrefu.

"Baba Biasha."

"Nipo."

"Leo uko mmoja."

Halfani hakuelewa.

"Jana mlikuwa wawili hapo," Sikudhani alisema, na ulimi ulikuwa umerudi mwepesi karibu kama zamani. "Nikasema, Mwenyezi Mungu, mmoja alikuwa ananitosha."

Biasha alicheka mpaka akaketi sakafuni. Halfani alijifuta uso kwa mkono wake, akasema tu, "Kumbe akili zake zote zipo."

Zilikuwepo. Alimeza maji bila kupaliwa, kisha uji, kisha ugali laini. Dkt. Dastani alikuwa wa kwanza kumkalisha tena pembeni mwa kitanda, na safari hii alikaa, akipepesuka kama mtoto anayejifunza, lakini alikaa. Kutembea ndiko kulikokuwa na kazi. Aliruhusiwa kwenda nyumbani akiwa na fimbo, dawa za presha ambazo aliapishwa asiziache, na maagizo ya kutembea kila siku mahali penye mtu wa kumdaka.

Mtu wa kumdaka alikuja mwenyewe. Rashidy alifika Lionja na begi lake, akamwambia Halfani kwa shida, lakini bila kuimba, "Nakaa." Akakaa.

Basi ikawa hivi. Asubuhi, Biasha akiwa ameshavaa bomba la mama yake na injini inalia upande ule mwingine wa shamba, kaka na dada waliingia kati ya mistari ya mikorosho. Sikudhani alitembea, miguu ameitanua, anatafuta ardhi kwa fimbo. Rashidy alimfuata nyuma hatua moja, mikono tayari, na kila walichokipita ilibidi akitaje.

"Hiki?"

"Ki... siki. Kisiki."

"Na hicho?"

"Mchwa. Ki... chuguu."

"Vizuri. Nishike, kuna bonde."

Walikorofishana pia. Rashidy akimshika kabla hajayumba, Sikudhani alimgombeza kwamba anamnyima nafasi ya kujifunza. Naye dada akimtajia neno kabla hajalitafuta, Rashidy alimkunjia uso. Watu waliopita njiani waliwaona wazee wawili, mmoja anatembea kama amelewa, mwingine anaita miti majina ya vyombo, nao walisimama kusalimia, na wengine walikaa kidogo wakamsaidia Rashidy kwa kumwonyesha vitu. Salfa ilipokwisha kupuliziwa na Biasha kurudi kwa mumewe, Sikudhani alikuwa ameshaiacha fimbo mlangoni.

Siku moja aliondoka upande huu wa shamba akafika upande wa pili, akageuka, akarudi, na Rashidy hakumgusa hata mara moja. Akatua chini ya mkorosho anahema, anashangilia peke yake. Alipomtazama kaka yake akamwona ameinamisha kichwa.

"Nini tena?"

Rashidy akasema, neno moja moja, "Wewe... yote. Mimi... nusu."

Sikudhani alielewa. Dawa moja, hospitali moja, daktari mmoja. Yeye aliyeonekana hana nafuu siku ya kwanza alikuwa anakaribia kuwa mzima. Kaka yake, aliyeshangiliwa, alikuwa bado anawinda jina la kila kitu, na mwaka ulikuwa umeshapita. Kumdanganya hakutaka.

"Ni kweli," alisema. "Limekupiga pabaya kuliko mimi. Mimi donge lilikaa mlangoni pa miguu, wewe lilikaa mlangoni pa maneno, na wewe ni mtu wa maneno. Ningekuwa mimi nami ningenuna." Akamgusa kwa kiwiko. "Lakini ungekuwa mzima ungenipigia simu asubuhi ile? Wewe zamani ulikuwa unapiga Idi kwa Idi."

Rashidy akainua kichwa. Akafikiri kweli kweli, kama mtu anayepiga hesabu.

"Idi... kwa Idi," alikiri.

"Sasa hapo mimi ningekunywa maziwa mpaka leo."

Rashidy akacheka, kicheko chake cha zamani cha kifuani, na hakuzungumza habari za nusu tena. Alirudi Narung'ombe baadaye kidogo, Zaitun alipokuja kumfuata akisema msikiti umemkosa vya kutosha. Kwenye kliniki walikutana wote wawili. Dkt. Raudha aliwawekea picha zao ukutani, ya Rashidy ikiwa na doa pana upande wa kushoto, ya Sikudhani ikiwa na doa dogo kama punje ya kunde kule nyuma kabisa. Aliwaambia kwamba Rashidy bado atapata maneno mengine, kwa kuwa ulimi hauachi kujifunza kwa sababu mwaka umekwisha, na kwamba Sikudhani amepona kuliko alivyothubutu kumwambia Halfani siku ile kwenye veranda.

Mwezi wa kumi, mvua ikiwa bado inajivuta, Sikudhani na Halfani walikwenda Kilimarondo kumtembelea Biasha. Biasha na mumewe walikuwa wamepata kipande kipya cha shamba bondeni, na walitaka ushauri wa mama kabla ya kupanda mikorosho. Tatizo lilikuwa kufika mwisho wa kipande hicho. Masika tembo walipita hapo kwa kundi wakati udongo mweusi umelowa, na kiangazi kiliukausha udongo ukawa mgumu kama tofali, nyayo zimebaki humo humo, mashimo ya mviringo yenye kina cha goti, moja baada ya jingine mpaka kwenye miti ya ng'ambo.

"Mama, tuangalie tukiwa hapa," Biasha alisema. "Unaweza kuona yote ukisimama hapa."

"Nikisimama hapa naona nyasi. Nataka kuona udongo wa kule."

"Mama Biasha," Halfani alisema, akimpa mkono wake, "shika hapa."

"Shika suruali yako usije ukajikwaa."

Akaanza. Aliangalia kila anapoweka mguu, bila aibu na bila haraka. Mguu ukingoni, mwili unasubiri, kisha mguu mwingine. Penye shimo pana alisimama, akapima kwa macho, akazunguka. Mara moja aliyumba kushoto, ule upande wake, lakini alinyoosha mkono wa kulia, akasimama sawa, akaendelea. Katikati ya bonde walisikia kishindo. Halfani alikuwa ameingia kwenye unyayo wa tembo mpaka kwenye goti na kofia yake imebiringika mbele.

"Mwinue baba yako," Sikudhani alisema bila kugeuka, "mimi nina kazi mguuni."

Alifika ng'ambo wa kwanza. Aliinama, akachukua bonge la udongo, akalivunja kwenye kiganja, akalinusa. Walipomfikia, Halfani akijipangusa vumbi, yeye alikuwa ameshaamua.

"Huku juu ndiko mikorosho itakaa vizuri, maji hayatatuama. Kule chini pandeni ufuta. Na miche muianzie hapa," alisema, akachimba kwa kisigino chake alama ardhini, akapiga hatua ndefu kuelekea alama ya pili.